Fundi Milango na Fidla Yangu ya Umeme

Siku ya kumzika Fundi Milango nilikaa upande wa wanawake, kwenye jamvi, nikasikiliza watu wakisema kwamba mzee yule hakuwahi kusema uongo maishani mwake. Alianza jirani, akapokea shemeji yake, akamalizia mama mmoja wa Mlingotini ambaye mlango wake ulichongwa na marehemu miaka mingi iliyopita na hadi leo haujapinda. Kila mmoja aliitikia kuwa ni kweli. Mimi nilinyamaza kwa heshima ya msiba, na kwa sababu mkewe alikuwa ameniegemea begani. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira ile ninayo bado. Ni kweli Fundi hakusema uongo. Alinyamaza tu, na katika kunyamaza kwake mwanamke mmoja alipoteza kazi yake na jina lake katika mji huu. Mwanamke huyo anaitwa Mwanaidi, na aliyemtaja vibaya mbele za watu ni mimi.

Tulimwita Fundi Milango kwa kuwa ndiyo kazi aliyoijua. Bagamoyo ina milango ya nakshi ya zamani, na mmoja ukioza, au mwenye nyumba mpya akitaka kujionyesha, mtu wa kutafutwa alikuwa yeye. Alikuwa mfupi, mkavu, miwani yake ameifunga kisogoni kwa mshipi wa kuvulia samaki, penseli ameichomeka chini ya kofia. Hakufanya kazi mezani. Alikaa chini, akaubana ubao kwa nyayo zake mbili, na nyayo zile zilibana kuliko jiliwa. Mwanawe alimletea jiliwa ya chuma kutoka Dar, akaitazama kama mtu aliyeletewa mkongojo naye bado anatembea. Mkewe aliitumia kuvunjia nazi.

Futi nayo hakuipenda. Alipima kwa shubiri na kwa fimbo yake fupi yenye vikato. Aliniambia futi haimjui mtu. Kabla ya kukuchongea mlango alikuja kwako, akakaa barazani asubuhi nzima akitazama unavyoingia na kutoka: kama unainama, kama unatanguliza bega, kama unaingia na ndoo kichwani. Watu walidhani ni uvivu. Kisha mlango ukija unakuta unapita bila kujigonga, wewe na ndoo yako, na ukienda nyumba nyingine unajigonga.

Halafu kulikuwa na Alhamisi. Kila mteja aliambiwa, "Njoo Alhamisi." Hakusema Alhamisi ipi. Mwingine alikuja Alhamisi sita akaondoka na chai na mkate wa kumimina tumboni, mlango hana. Nilimwuliza kwa nini Alhamisi na si Jumatatu, akanijibu bila kucheka kwamba mtu akikuta kazi haijaisha siku ya Alhamisi, hasira yake haiwezi kuvuka Ijumaa. Mjini tulifanya mzaha wetu. Mtu akikuahidi jambo ambalo halitakuwa, tulisema amekupa Alhamisi ya Fundi.

Lazima niseme pia mazuri yake, maana yalikuwepo, na ndiyo yanayonitia uchungu. Jeneza la msikiti alilitengeneza bure, na ndilo lililombeba. Paka wote wa uchochoro ule walikula vichwa vya samaki kwake. Na kazi mbovu hakuitoa nyumbani mwake hata siku moja. Niliwahi kumkuta amemaliza mlango wa familia moja kubwa, mlango ambao watu walikuja kuutazama uani tangu asubuhi wakimpongeza. Yeye alikuwa anatazama ua moja la nakshi, kwenye kona ya chini, ambalo lilikuwa limekwenda pembeni kwa unene wa kijiti cha kiberiti. Hakuna aliyeliona. Alichukua tezo akaupasua mlango ule wote, vipande vipande, mbele yetu. Wiki nzima mkewe alipikia maharage kwa kuni zenye nakshi.

Mtu huyo huyo, ambaye hakuweza kuvumilia ua lililokwenda upande, aliweza kuvumilia yaliyompata Mwanaidi. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, na kila nikifika hapo inaanza upya.

Sasa niseme habari ya fidla. Asubuhi nashona nguo za watu, na jioni napiga fidla katika kikundi cha taarabu. Fidla yangu ya kurithi ilikuwa na sauti nzuri chumbani. Lakini tangu kikundi kinunue kinanda kipya na spika mbili zinazonifika kifuani, sauti ile niliisikia mwenyewe tu, tena kwa sikio la kushoto. Tuliiwekea maikrofoni, ikapiga mluzi. Mwisho kiongozi wa kikundi akanionyesha kitufe kwenye kinanda. Ukikibonyeza, kinanda kinalia kama fidla. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba harusi za Mfungo Mosi, baada ya Ramadhani, zikifika na mimi bado sisikiki, basi kitufe kitafanya kazi yangu. Ningeweza kukitafuna kile kitufe.

Nilijaribu fidla ya umeme ya dukani, aliyoniazima mpigaji mmoja wa Dar. Iliteleza begani. Na kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto kilivunjika utotoni kikaunga vibaya, hakifiki mbali, kwa hiyo shingo ya fidla ile ilikuwa pana mno kwangu. Nilitaka yangu, iliyopimwa kwangu. Niliwaendea maseremala wawili, wakacheka. Fundi Milango hakucheka. Aliniambia nipige.

Nilipiga alasiri tatu mfululizo uani kwake. Hakusikiliza wimbo hata mmoja. Alitazama kidevu, bega na kile kidole kibovu. Siku ya tatu akamwita mkewe, naye akatoka jikoni na donge la unga wa chapati. Fundi hakuwa maharimu yangu, asingenigusa, basi alikaa akatupa kisogo huku mkewe akinibandika ule unga kati ya kidevu na bega, na yeye akielekeza kwa kuulizia: umekaza? umelegeza? umegeuka? Unga ukachukua umbo langu. Wakauanika juu ya bati mpaka ukawa mgumu, na kwa kuutazama unga ule Fundi alichonga mahali pa kidevu na mahali pa bega. Shingo aliipima kwa kile kidole changu. Hakuna duka duniani linalouza fidla iliyopimwa kwa chapati, na siku ya kwanza niliyoiweka begani nilijisikia kama nimezaliwa nayo.

Kiwiliwili kilikuwa cha mninga, na ubao wa kukanyagia vidole wa mpingo. Lakini mninga ulichukua muda. Kila nikienda kuuliza, aliniambia, "Mbao imelala." Nilidhani imelala ghalani. Mfungo Mosi ulikuwa unakaribia, na siku moja nililia mbele ya mkewe, nikalia kweli, nikisema mzee ataninyang'anya kikundi kwa Alhamisi zake. Wiki ile ile Fundi akaniambia mbao imeamka. Sikuuliza imelala wapi wala imeamkaje. Nilifurahi tu.

Upande wa umeme nilimchukua Mwanaidi. Alikuwa na kibanda karibu na soko, anatengeneza redio, simu na feni. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa redio za mashua kule Mbegani, na alijifunza kwake. Ni mwanamke pekee aliyekuwa na kazi hiyo mjini, na watu walimletea vitu vyao huku wamemkazia macho vidoleni, wakingoja akosee. Ilimchukua miaka kufika mahali ambapo mtu anamwachia redio na kwenda zake sokoni. Hata Fundi Milango, ambaye hakutaka waya wowote upite karibu na milango yake, redio yake ya betri alimpelekea yeye, na alisema hadharani kwamba yule binti ana mkono.

Vinasa sauti vya fidla yangu alivitoa ndani ya saa mbili mbovu za mezani, vile visahani vyembamba vya shaba vinavyolia kengele. Aliniambia kitu kinachojua kulia kinajua pia kusikia. Akavikata, akavipanga chini ya kile kijibao kinachoinua nyuzi, kimoja kila upande, akanipigia hesabu ya waya mpaka kwenye tundu la kuchomekea. Nilimpeleka uani kwa Fundi wakafanya kazi pamoja siku nne. Ilikuwa raha kuwatazama. Fundi hakutoboa shimo lolote kabla hajaambiwa waya unataka kupita wapi. Alichimba mfereji kwa patasi ndogo kama ya kuchongea herufi, kisha akaufunika kwa kifuniko cha mninga kilichoingia kwa kubana tu, bila skrubu, ukikipapasa huoni kilipoanzia.

Siku ya pili Mwanaidi aliipitisha kiganja ile mbao, akasita. Akauliza kwa adabu, "Fundi, mbao hii imekauka sawasawa?"

Fundi alisimamisha patasi. "Mwanangu, mimi nimeanza kulaza mbao mama yako hajaolewa."

Mwanaidi aliomba radhi, akainamia waya zake. Mimi nilicheka. Nilicheka kwa kuwa lilikuwa jibu la kuchekesha, na sikuona kwamba halikuwa jibu. Aliulizwa kama mbao imekauka, akajibu umri wake. Hivyo ndivyo alivyoishi na sifa yake ya kutosema uongo, na sisi wote tulimsaidia kwa kucheka.

Fidla ilitoka nzuri. Mara ya kwanza tuliipiga kwenye harusi ya Msata, kiangazi, siku kavu yenye vumbi. Nilipovuta upinde sauti ilitoka kwenye zile spika mbili ikanirudia kifuani, nikashtuka mwenyewe. Wanawake walisimama wakaja mbele kututunza. Kiongozi wa kikundi alinitazama, akakigusa kile kitufe, akakizima. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwingine. Miezi mitatu nilipiga hivyo.

Kisha ikaja Mbegani. Ilikuwa sherehe ya kumpamba bibi harusi, alasiri, hema limefungwa karibu kabisa na maji, masika yameanza na hewa nzito ya bahari. Wimbo wa pili fidla ikaanza kukaanga, kama mtu ametia samaki kwenye mafuta. Nikaongeza sauti, nikaharibu zaidi. Ikapiga ukelele mpaka shangazi wa bibi harusi akaziba masikio, halafu ikakata. Nikabaki navuta upinde hewani. Kiongozi alinyoosha kidole akabonyeza kitufe, na wimbo ukaendelea. Wanawake waliendelea kucheza. Hakuna aliyeona tofauti, na hilo ndilo lililonichoma kuliko ukelele.

Nilichukua maikrofoni. Nayakumbuka maneno yangu yote, sitayapunguza. "Jamani samahanini. Hii ni kazi ya Mwanaidi wa redio. Ukimpa asiyejua, ndiyo haya." Watu wakacheka. Mwanamke mmoja nyuma akasema umeme na mwanamke wapi na wapi, nami mwanamke mwenzao nikaliacha lipite. Kesho yake kabla ya adhuhuri lilikuwa limefika sokoni, na sokoni lilikuwa limenenepa. Mara nimerushwa na umeme, mara bibi harusi kazimia.

Mwanaidi alikuja kwangu jioni ile. Hakupandisha sauti. Alisema, "Waya wangu hauozi kwa miezi mitatu. Nipe nifungue nione." Sikumpa. Nilimwambia ameshaona vya kutosha. Nikaibeba fidla nikaipeleka kwa Fundi Milango, kwa sababu yeye ndiye mkweli wa mji.

Fundi alikipachua kile kifuniko kwa ukucha. Akaingiza kidole gumba kwenye mfereji, akasugua, akakitoa, akakipeleka kwenye ulimi. Nilimwona. Nilidhani ni mazoea ya wazee, kulowesha kidole. Nikamwuliza Fundi ule waya alionifungia Mwanaidi ni wa namna gani. Akarudisha kifuniko mahali pake. "Mambo ya waya muulize aliyefunga waya." Nikaondoka nimeridhika kwamba hata Fundi amemkataa.

Watu wakaanza kwenda kibandani kuchukua redio zao, nyingine hata hazijafunguliwa. Mzee mmoja alikwenda kuchukua feni iliyokwishatengenezwa na inafanya kazi, akampelekea fundi mwingine aihakikishe. Mwanaidi alivumilia miezi michache, kisha akakifunga kibanda, akahama. Hakuaga. Miaka ile yote ya kungoja watu waache kumkazia macho vidoleni ikaisha kwa sentensi moja yangu na sentensi moja ya Fundi.

Mambo mawili niliyaona kwa Fundi baada ya hapo, nikayaona bila kuyaelewa. Alikuwa akienda msikitini kwa kupita mbele ya kile kibanda. Akaanza kuzunguka kwa uchochoro wa nyuma, njia ndefu yenye tope. Na redio yake ikafa. Kulikuwa na fundi mpya hatua ishirini kutoka kwake, hakumpelekea. Aliiweka rafuni, akaifunika kitambaa. Alikuwa mtu wa kusikiliza taarifa ya habari huku amekunja uso kana kwamba msomaji anamwibia, na sasa alikaa uani kwake kimya, anachonga. Nilipomtania kuhusu ile redio alinijibu kwamba imechoka kusema.

Ikapita miaka miwili. Kitufe kilinichukulia nafasi yangu, nami nikawa mwitikiaji, napiga makofi nyuma. Fidla ilining'inia kwenye msumari nyumbani. Siku moja tulikuwa na harusi Msata, waya wa spika ukakatika, mwenyeji akatuambia pale njia panda kuna fundi mzuri, mwanamke. Nilitumwa mimi. Nilimkuta Mwanaidi amekaa kwenye kibanda cha bati, mabasi ya Tanga yanapita nyuma yake, na wateja kwenye benchi. Aliunga waya wa spika bila kunitazama. Alipomaliza aliuliza, "Fidla bado unayo? Ilete."

Niliileta wiki iliyofuata. Aliifungua. Waya ulikuwa umegeuka kijani wote, unakatika kama jani kavu. Akaukwaruza mninga kwa ukucha ndani ya mfereji, akanipa ule unga wa mbao kwenye ncha ya kidole. "Ramba." Nikaramba. Ilikuwa chumvi tupu.

Alinieleza polepole, kama anavyoeleza mteja yeyote. Mbao za mashua na za milango, mafundi wa zamani huzizika kwenye tope la mikoko kule Mlingotini miezi kadhaa, maji ya bahari yaziingie, wadudu wasizibungue. Ndiko kulaza mbao. Halafu huziacha nje zinyeshewe masika mawili, chumvi itoke, ndipo wanazikausha. Mlango hata ukibaki na chumvi hauna neno. Lakini chumvi inavuta unyevu na inakula shaba. Huku Msata kukavu ilitulia, kule Mbegani ikaamka. Mbao yangu ilikuwa imetolewa baharini, ikaoshwa, ikachongwa. Masika hata moja haikuyaona. "Nilimwuliza," alisema. "Ulikuwepo. Ulicheka."

Nilishuka kwenye basi Bagamoyo nikaenda moja kwa moja kwa Fundi. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka siku hizo, hachongi tena, anakaa barazani na patasi mapajani. Nilimwamkia kwa kuwa nimefunzwa kuamkia. Nikamwekea fidla mbele yake imefunguliwa.

"Fundi, ulijua?"

"Nilijua siku uliyoileta."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza waya. Hukuniuliza mbao."

Sijawahi kumwambia mtu mzima maneno kama niliyomwambia siku ile. Nilimwambia mlango mzima aliupasua kwa ajili ya ua moja, na binti wa watu amemwacha apasuke kwa ajili ya heshima yake. Nilimwambia ukweli wake ni wa kununulia sifa tu. Nilimwambia kila anapozunguka kwa uchochoro wa tope Mungu anamwona. Mkewe alitoka mlangoni, akasikia, akarudi ndani. Fundi alingoja nimalize, kama alivyongoja siku zote mtu amalize kuingia mlangoni ndipo apime.

Kisha akauliza, "Na aliyemtaja Mwanaidi mbele za watu alikuwa nani, mwanangu?"

Swali lile likanizidishia hasira. Na kwamba nilimharakisha kwa machozi, na kwamba masika mawili yale nilimnyima mimi, hilo hakulisema. Nililijua mwenyewe nikiwa nimesimama pale. Nikaichukua fidla yangu. Nimefika ngazini akasema, "Njoo Alhamisi." Nikamjibu kwamba Alhamisi zake nazijua.

Nilikwenda hata hivyo. Nilikwenda kwa kumkomoa, nimkute ameketi na chai yake nipate la kusema. Nikamkuta barazani amevaa kanzu ya Ijumaa, ile redio ameifunga kwenye kanga na kuipakata. "Twende Msata," alisema. Katika miaka yote niliyomjua, ile ndiyo Alhamisi pekee aliyoitimiza.

Kibandani kulikuwa na wateja watatu kwenye benchi. Mwanaidi alituona, akaendelea na kazi yake. Mimi nilitaka kupita mbele niseme huyu hapa nimemleta. Fundi aliwasalimu wale watu, akakaa mwisho wa benchi, akangoja zamu yake. Alingoja karibu saa nzima chini ya bati la moto, mtu aliyewangojesha wenzake maisha yake yote, anafuta jasho kwa ncha ya kofia. Zamu ilipofika aliweka redio mbele yake.

"Redio hii imenyamaza tangu uhame," alisema. "Na ile fidla niliiharibu mimi. Mbao yake niliitoa baharini nikaiosha maji mara moja. Uliponiuliza nilikuficha, na baada ya hapo nikaendelea kukuficha."

Alisema kwa sauti ya kawaida, wale wengine wakasikia. Hilo nampa. Lakini alilisema Msata, mahali ambapo hakuna anayemjua yeye wala Mbegani. Sokoni kwetu, ambako jina la Mwanaidi lilizikwa, hakulisema hata nusu yake, na akafa hajalisema. Hilo simsamehe.

Mwanaidi aliivuta redio, akaigeuza, akafungua skrubu moja, akatazama ndani. Hakuinua uso. "Njoo Alhamisi," alisema.

Kwa mara ya kwanza nilimwona Fundi Milango akiinamisha kichwa kama mteja. Mwanaidi akaiweka redio pembeni, kwenye foleni ya vitu vingine, ndipo akanitazama mimi.

"Na wewe umeleta nini?"

"Nimemleta Fundi."

"Fundi amekuja mwenyewe," alisema. "Nakuuliza wewe."

Fundi alisogea, akanipa nafasi kwenye lile benchi, nikakaa pembeni yake, na kunyamaza kwetu kulikuwa kumoja. Nilinyamaza siku ile. Nikanyamaza tena siku ya mazishi, kwenye jamvi, watu wanasifu. Kisha nikajiambia si vizuri kusema mkewe akiwa edani, ningoje amalize, na nilijua kabisa kwamba ile ilikuwa Alhamisi ya Fundi, nimeirithi. Eda imekwisha juzi. Nimekwenda kumwambia mkewe ninalotaka kufanya, akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikataza. Kesho ni Alhamisi. Nimeshaazima maikrofoni ya kikundi, na spika zote mbili, na asubuhi nitazifunga pale sokoni, mbele ya kile kibanda.